Bagara: Kata ya mjini, maisha ya shamba

Ukishuka kwenye basi la kutoka Arusha, Babati inakupokea kwa stendi, bodaboda na maduka ya vifaa vya ujenzi. Bagara ni moja ya kata za mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa karatasi, basi, wakazi wake ni watu wa mjini. Lakini pita nyuma ya nyumba: mahindi, na katikati ya mahindi, mbaazi.

Hupandwa pamoja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani, mizizi yake mirefu ikitafuta unyevu chini, hadi kiangazi zikomae. Mahindi ni ya kula, mbaazi ni za ada na mabati. Mnunuzi mkubwa ni India, na mwaka 2017 serikali yake ilipoweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, bei iliporomoka vibaya Babati nzima. Uamuzi wa New Delhi uligusa karo ya mtoto wa Bagara. Na bado kuna wanaodhani mkulima mdogo hayumo kwenye biashara ya dunia!

Wenyeji ni Wagorowa, ambao lugha yao ya Kikushi ni ndugu ya Kiiraqw. Wairaqw wenyewe wapo wengi, pamoja na Wabarbaig wenye ng'ombe, Wambugwe, Warangi wa kutoka Kondoa, na Wachaga ambao, kama kawaida yao, hawakosekani dukani. Wengi waliletwa na barabara kuu ya Arusha–Dodoma, kipande cha ile njia ya wakoloni ya Cape Town hadi Cairo.

Kisha kuna ziwa. Ziwa Babati, lenye viboko wanaotoka usiku kutafuta malisho, halina mto wa kudumu wa kulitoa maji. Mvua zikipitiliza, hujaa na kumwagikia mjini, kama ilivyokuwa mwaka 1964 na tena 1990. Kukatwa kwa miti vilimani kunatajwa miongoni mwa sababu.

Halmashauri ya Mji ilikuwa na watu 93,000 na ushei mwaka 2012; sensa ya 2022 ilikuta karibu 130,000. Mashamba yanakatwa viwanja, na wanunuzi wengi mwaka 1990 hawakuwapo. Anayetaka kiwanja cha bondeni, kabla hajalipa, amtafute mzee wa Kigorowa amwonyeshe maji yalikofika.