Fuvu kwenye ubao: vijana wa sketibodi na vitu walivyojitengenezea

Kuna shati moja ambalo limezunguka dunia nzima, lenye neno Thrasher kifuani, herufi zake zikiwaka ndimi za moto. Mzazi akiuona moto ule juu ya mwanawe, na pengine mchoro wa fuvu la kichwa kwenye shati lingine la aina hiyohiyo, anahitimisha haraka kwamba ni mambo ya kuzimu. Na kijana mwenyewe, ukimuuliza neno hilo linatoka wapi, mara nyingi hajui. Basi tuelezane. Thrasher ni jina la gazeti lililoanza kuchapwa San Francisco, Marekani, mwezi wa Januari 1981. Ni gazeti la watu wa sketibodi, na nyuma yake kuna habari ambayo sisi tunaolea vijana tungefaa kuijua kabla ya kuhukumu shati.

Sketibodi ni ubao wenye magurudumu manne. Ubao wenyewe ni tabaka saba nyembamba za mti mgumu uitwao mepo, zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa hadi ncha zote mbili zikainuka. Urefu ni kama sentimita 80, upana kama 20. Chini yake kuna ekseli mbili za alumini zenye vipande vya mpira ndani, ndiyo maana mtu akiegemea upande mmoja ubao unakata kona. Kila gurudumu lina beringi mbili, vile viduara vya chuma vyenye goroli. Juu hubandikwa karatasi yenye mchanga mkali, kama msasa wa seremala, ili kiatu kisiteleze. Hakuna usukani, hakuna breki, na miguu haifungwi popote. Huko Marekani ubao kamili wa kiwango kizuri hupita dola 100. Kofia ngumu ya kichwa ni jambo la lazima, ingawa wengi hawaivai, na mifupa huvunjika kweli. Sitalificha hilo.

Mchezo ulianzia California miaka ya 1950, kwa vijana waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi ya bahari na kutafuta cha kufanya siku ambazo bahari imetulia. Walipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea chini ya ubao. Magurudumu yale yalikuwa ya chuma, baadaye ya udongo mgumu, na jiwe dogo tu lilitosha kumrusha mtu chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya plastiki ya aina inayoitwa yurethani, ambayo hushika barabara na kumeza vijiwe. Wasomaji wa Goma wataelewa bila maelezo marefu: chukudu yenye gurudumu la mti mtupu na ile iliyovalishwa mpira wa tairi si chombo kimoja.

Kisha ukaja ukame. Mwaka 1976 na 1977 mvua ilikosekana California, na mabwawa mengi ya kuogelea ya matajiri yakabaki makavu. Kuta zake zilikuwa za mviringo, laini, kama wimbi lililogeuka simenti. Vijana wa Santa Monica na Venice, mitaa ambayo wakati ule haikuwa ya watu wenye makuta, waliruka nyua za wenyewe wakaingia humo na kuzipanda kuta zile hadi ukingoni. Kuingia parsela ya mtu bila ruhusa ni kosa, lakini ndiko mchezo ulikojifunza kupaa.

Wafanyabiashara waliona. Kuanzia 1976 viwanja vya kulipia vilijengwa mji kwa mji, na ndani ya miaka michache vingi vikafungwa. Watoto waliumia, bei ya bima ikapanda, wenye viwanja wakashindwa, na matingatinga yakaja. Miji mingine iliukataza mchezo barabarani pia. Tazama basi hali ilivyokuwa: una maelfu ya vijana wenye ufundi waliouchuma kwa miaka, na hawana hata mita moja ya ardhi ambapo mtu mzima hatakuja kuwafukuza. Wengi waliacha. Waliobaki walianza kujitengenezea.

Walijenga miteremko ya mbao nyuma ya nyumba za wazazi wao. Gazeti la Thrasher lilizaliwa katika kipindi hichohicho cha ukavu, likachapwa mwanzoni kwenye karatasi ya bei nafuu, na lilisambaza ramani za kujengea miteremko hiyo, vipimo na misumari. Nisiwafanye waanzilishi wake kuwa malaika. Mmoja wao, Fausto Vitello, mzaliwa wa Argentina, alikuwa pia na biashara ya ekseli za sketibodi, na mchezo ukifa biashara yake ingekufa nao. Hata hivyo gazeti lilimwambia kijana wa kijiji cha mbali, aliyedhani yuko peke yake, kwamba kuna wengine.

Chini ya gazeti hilo kulikuwa na vitu vidogo zaidi, na kwangu hivi ndivyo vyenye kufundisha. Waliviita zini. Zini ni kijigazeti cha mtu mmoja au wawili. Unaandika maneno kwa mashini ya kupiga chapa au kwa mkono, unakata picha kwa makasi, unabandika kwa gundi, unapiga fotokopi, unakunja karatasi katikati na kuzibana kwa pini. Nakala hamsini, pengine mia. Ndani unakuta picha za rafiki zako wakiruka, michoro, maoni juu ya kanda za muziki wa panki, habari za sehemu mpya iliyogunduliwa nyuma ya duka fulani. Zilisafiri kwa posta: unatuma yako, unatumiwa ya mwenzako. Wengine walifanya kazi kwenye maduka ya fotokopi na kuchapa za kwao usiku bila kulipa, na wizi ni wizi hata ukiitwa sanaa. Lakini kijana aliyefukuzwa shuleni kwa kutoandika insha alikuwa nyumbani akiandika kurasa ishirini bila kutumwa na mtu.

Mfano unaojulikana ni Skate Fate, zini ya Garry Scott Davis wa jimbo la Ohio, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ohio haina bahari wala mabwawa ya matajiri wa California. Zini ile ilimfikisha kwenye gazeti kubwa la TransWorld Skateboarding, ambako alifanya kazi pamoja na David Carson, mpangaji wa kurasa ambaye baadaye alipata jina duniani kwa kuvunja kanuni zote za herufi. Ukiona leo tangazo lenye herufi zilizochanika na kupandana, sehemu ya damu yake imetoka huko.

Sasa mafuvu. Wes Humpston alianza kuchora kwa mkono chini ya mbao za rafiki zake huko Santa Monica miaka ya 1970. Baadaye Vernon Courtlandt Johnson aliichorea kampuni ya Powell Peralta mafuvu na mifupa ambayo vijana wa miaka ya 1980 waliyajua kwa moyo, na mwaka 1985 Jim Phillips akachora mkono uliokatika, wa rangi ya buluu, wenye mdomo unaopiga kelele katikati ya kiganja. Mimi sipendi mingi ya michoro hiyo na sitaiweka ukutani kwangu. Lakini fuvu si mali ya shetani. Waprotestanti wa kale wa kaskazini-mashariki mwa Marekani walichonga mafuvu yenye mabawa juu ya mawe ya makaburi kando ya makanisa yao, ili anayepita akumbuke siku yake. Kwa kijana anayejirusha kutoka ngazi kumi juu ya ubao, fuvu ni habari ya kawaida kabisa: naweza kuvunjika.

Tena angalia mchoro unakaa wapi. Unakaa upande wa chini, ule unaokwaruzwa kwenye kingo za simenti. Anayeutumia ubao wake sawasawa huufuta mchoro, na ubao wenyewe haudumu miezi mingi. Ubao uliobaki na picha safi ni wa mtu asiyecheza.

Karatasi na rangi, hata hivyo, havikuwapa mahali. Mahali walipachukua. Tarehe 31 Oktoba 1990, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, kikundi kidogo kilianza kumwaga simenti chini ya daraja la Burnside, kwenye ukuta ambako kulikuwa na uchafu na biashara ya madawa. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Walichanga pesa zao, wakajenga mteremko mmoja, wakaharibu, wakaurudia, wakajifunza kwa makosa jinsi simenti inavyopindwa kabla haijakauka. Wenye biashara wa jirani waligundua kwamba mahali penye vijana wanaofanya kazi kuanzia asubuhi, wauza madawa hawapapendi tena. Wakawaunga mkono, na baraza la mji likakubali kuacha kilichokwisha kujengwa. Kiko hadi leo. Waliojifunza ufundi katika viwanja vya namna hiyo walianzisha kampuni, kama Dreamland na Grindline, na miji ileile iliyokuwa ikiwafukuza sasa inawalipa wajenge viwanja rasmi.

Sheria nayo ilibadilika. Kuanzia 1998, California iliuweka mchezo huu rasmi katika orodha ya michezo ya hatari, maana yake kijana akijiumiza kwenye uwanja wa mji, mji haushitakiwi kirahisi kama zamani. Jambo hilo kavu, la karatasi za mawakili, lilifungua viwanja vingi kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, mchezo uliingia kwa mara ya kwanza, na medali ya dhahabu ya wasichana wa mtindo wa mtaani ikaenda kwa Momiji Nishiya wa Japani, mtoto wa miaka 13.

Karibu na sisi, huko Kitintale, kitongoji cha Kampala, vijana walimwaga simenti yao katikati ya miaka ya 2000 na kujenga uwanja mdogo wa sketibodi kati ya nyumba za watu. Mbao zilitoka nje kama msaada, kwa kuwa hapakuwa na duka la kuziuza, kwa hiyo ubao mmoja ulipita miguu mingi kwa siku moja. Anayeshuka anampisha anayengoja.