Isoflavoni: Tusifasiri Tusichokielewa

Katika zoezi la tafsiri muhula huu, wanafunzi wetu walikutana na neno isoflavoni katika makala kuhusu soya. Baadhi yao waliandika "homoni ya kike ya mmea". Tafsiri hiyo inaweza kumtia msomaji hofu ya chakula bila sababu. Hivyo basi, tumeona ni vyema kueleza jambo lenyewe.

Isoflavoni ni kemikali zinazotengenezwa hasa na mimea jamii ya mikunde. Soya inazo nyingi. Maharage ya kawaida yana kidogo sana. Zinazojulikana zaidi ni jenisteini na daidzeini.

Mmea huanza na fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Vimeng'enya huibadilisha hatua kwa hatua hadi ipatikane flavanoni. Kufikia hapo, mimea mingi hufanya vivyo hivyo. Mikunde ina kimeng'enya cha ziada, ambacho huhamisha pete moja ya molekuli kutoka kaboni ya pili hadi ya tatu. Kwa wanaisimu: kiambishi "iso-", chenye asili ya Kigiriki, katika kemia huashiria atomi zilezile zilizopangwa kwa namna nyingine.

Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Mizizi ya soya huzitoa udongoni kuwaita bakteria wa Bradyrhizobium. Bakteria hao huingia mizizini, vinundu huota, na nitrojeni ya hewani hugeuzwa kuwa mbolea ya mmea. Aidha, soya ikishambuliwa na vimelea, hugeuza daidzeini kuwa sumu ya kujikinga.

Neno "homoni" limetoka wapi basi? Umbo la isoflavoni linafanana na la estrojeni, nazo huweza kufanya kazi kama estrojeni mwilini, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Jambo hili si la kupuuzwa: katika miaka ya 1940, kondoo wa Australia Magharibi waliolishwa klova yenye isoflavoni nyingi walishindwa kuzaa. Lakini kondoo aliyeshinda malishoni akila klova si sawa na mtu anayekunywa uji wa soya.

Kwa hiyo tunapendekeza neno isoflavoni libaki lilivyo, na maelezo yake yawe "kemikali za mikunde zinazofanana na estrojeni". Kufanana si kuwa. Walimu wenzetu wenye pendekezo bora zaidi, tunawakaribisha.