Mlango unaogoma masika

Kila mwaka masika yakishakolea Dar es Salaam, simu yangu huanza kuita: fundi, mlango umegoma. Unasukumwa kwa bega, rangi imechubuka ubavuni, na mwenye nyumba anataka nije na randa leo leo. Nikimwambia asubiri mpaka Julai, anaona namkwepa.

Lakini kosa hilo nimelifanya kwangu mwenyewe, Tabata. Mlango wa uani ulikaza mwezi wa Aprili, nikaushusha, nikaupiga randa, ukafunga kama sanduku. Ilipofika Septemba mwanga ulikuwa ukipenya kati ya mlango na fremu, na mjusi anaingia ndani bila hata kuinama.

Mbao, hata ikae ukutani miaka 50, haiachi kunyonya na kutoa unyevu. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 80 kwa siku nyingi, maji yaliyomo kwenye mbao hutulia kwenye asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa ya asilimia 50, hushuka hadi karibu 9. Kwa urefu wake mbao haibadiliki kiasi cha kukusumbua. Kwa upana ndiko inakovimba na kusinyaa. Chukua mbao za msindano, zigundishe ubavu kwa ubavu mpaka upate sentimita 90: kati ya hali hizo mbili upana wake unaweza kupishana kwa zaidi ya sentimita moja. Vanishi huchelewesha tu safari hiyo. Ndiyo maana mlango uliotengenezwa pwani ukifika Dodoma huanza kuachia, fundi wa watu akalaumiwa bure.

Mafundi wa zamani walilijua hili. Mlango wa paneli una mbao za wima na za mlalo zinazobana paneli ndani ya mfereji, na paneli hiyo haitiwi gundi. Ivimbe, isinyae, inacheza humohumo bila kusukuma fremu. Siku hizi nakuta paneli zimejazwa gundi na kupigwa misumari juu, eti mlango uwe imara. Miezi sita baadaye zimepasuka katikati. Na ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, tazama ile milango mikubwa ya nakshi: ina mbawa mbili nyembamba, na mfaa katikati unaofunika mwanya. Kila ubawa unavimba nusu ya ambavyo ungevimba mlango mmoja mpana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue mninga au mkongo, namuuliza kwanza mbao ilipasuliwa lini. Mninga ni mtulivu kweli, huchezacheza kidogo kuliko mbao nyingi, na kiini chake kinastahimili mchwa, kama kiini cha mvule na cha mkongo. Lakini mninga mbichi utapinda kuliko msindano mkavu. Tena angalia rangi: ile sehemu ya njano mpauko pembeni si kiini, na wadudu wanaipenda. Ukiona unga laini chini ya mlango mpya, umeuziwa hiyo.

Ukavu unaweza kuupima mwenyewe. Omba kipande kilichokatwa katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka. Kilikuwa gramu 115, sasa ni 100? Basi maji yalikuwa asilimia 15, na kwa Dar mbao hiyo inafaa. Ikisoma 25, mwachie muuzaji, hata akikuapia kwamba imekaa stoo mwaka mzima.

Sasa, nyumba yako. Mlango wa mbele wenye kibaraza juu yake, naunga mkono mbao ngumu bila kusita. Ukitazama magharibi na hauna kivuli, jua la alasiri litaukausha uso mmoja na kuuacha mwingine, nao utapinda kama upinde. Jenga kibaraza kwanza. Bafuni usijisumbue, weka alumini. Vyumba vya ndani, mlango wa flashi unatosha, ila ukiugonga utasikia ni mtupu, na mazungumzo ya sebuleni utayasikia pia. Mbao nzima inazuia sauti vizuri zaidi kwa sababu ni nzito: mninga wa futi 7 kwa 3, unene wa sentimita 4, unakaribia kilo 50 usipokuwa na paneli nyembamba. Bawaba mbili hazibebi mzigo huo. Weka tatu, na fremu ishikwe na ukuta, si na plasta.

Kabla fundi hajaondoka, pitisha kiganja chini ya mlango, mahali jicho halifiki. Pakiwa na mikwaruzo ya msumeno, hapakupakwa kitu, na hapo ndipo maji ya deki yatakapoingilia. Ushushwe upya, upakwe chini na juu.

Ule wa kwangu nilikuja kuugongelea ubavuni kibao cha nusu inchi. Kipo mpaka leo, rangi haikufanana.