Fahamu: Nini kimejaza diski? Python ina jibu
Kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Dadaab, Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992. Mpango wa shirika la wakimbizi la UNHCR na Wakfu wa Vodafone, ulioanza 2013, umefikisha tableti katika shule za Dadaab. Intaneti ikisumbua, masomo yanaweza kuhifadhiwa kwenye diski, na diski ikajaa.

Mwanafunzi anaweza kuandika programu ya Python ya kumsaka mla nafasi:

• shutil.disk_usage huonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki.
• os.walk hupita kila folda, os.path.getsize husoma ukubwa wa faili kwa baiti.
• argparse hupokea jina la folda kutoka kwenye terminali.

Jumlisha ukubwa kwa kila folda, kisha panga kuanzia kubwa. Zana hizi huja na Python yenyewe, hakuna cha kupakua. Viungo vya mkato (symlink) viruke kwa os.path.islink, la sivyo faili moja itahesabiwa mara mbili.