Mzee Majuto: Kutoka Jukwaani Mpaka Kwenye Televisheni

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Njombe na Makambako)

 Najua baridi ni kali. Jifunikeni vizuri, kisha tuanze. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa: MKATABA. Liache hapo. Tutalirudia baadaye.

Leo tutasoma habari za mtu ambaye wengi wenu mnaijua sura yake. Kama umewahi kupanda basi la kwenda Songea au Dar es Salaam lenye televisheni mbele, au kama umewahi kuketi katika banda la video karibu na stendi, hapana shaka umemwona. Ni yule mzee mkali, asiyekubali kushindwa kwa maneno. Anakunja uso tu, na abiria wote wanacheka kabla hajafungua kinywa. Jina lake ni Amri Athumani, lakini watu walimwita Mzee Majuto, au King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani tangu utoto wake. Alifariki Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tarehe 8 Agosti, 2018, siku ya Nanenane, akazikwa kwao Tanga.

Waigizaji si wa namna moja. Yuko yule anayepewa nafasi ya kijana mzuri, ambaye mwisho wa mchezo humwoa binti. Huyo hung'ara akiwa kijana, na uso ukiingia mikunjo anatafutwa mwingine. Yuko na yule wa pili, ambaye kazi yake ni kuonyesha watu kama tulivyo: baba mwenye nyumba mchoyo, mjomba mlevi, mshamba aliyefika mjini akapotea, mzee anayejifanya kijana. Huyu wa pili hazeeki kazini. Kila mwaka unaoongezeka humpa kitu kipya usoni. Mzee Majuto alikuwa wa namna hii, na ndiyo maana alifanya kazi miaka mingi hivyo.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Tanganyika ya wakoloni, zilitengenezwa sinema za Kiswahili, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Bwana Rashidi Kawawa. Aliigiza katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Ndiye yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Turudi jukwaani. Katika miaka ya 1980 na 1990 vilikuwako vikundi vikubwa vya sanaa mijini, kama vile Muungano na Tanzania One Theatre. Mtu alilipa kiingilio, akaona ngoma, sarakasi, muziki wa taarabu, na katikati yake vichekesho. Kichekesho cha namna ile hakikuandikwa. Kiongozi aliwaita waigizaji kando, akawaambia: wewe ni mpangaji, wewe ni mwenye nyumba, kodi imechelewa miezi mitatu, mwisho wake mke wa mpangaji atafichua siri. Basi. Maneno waliyatafuta wenyewe huko huko jukwaani, wakisikiliza watu. Wakicheka sana, mchezo ulirefushwa. Wakinyamaza, ulikatwa upesi. Mtazamaji aliyefurahi alisimama, akaenda mbele, akamtunza mwigizaji fedha mkononi au kumbandika usoni.

Tazama malipo ya jukwaani yalivyokuwa. Ulicheza leo, ukalipwa leo. Kesho walipotaka kucheka tena, walikuja tena, na wewe ulikuwapo. Kichekesho hakikuweza kwenda Njombe bila mwenyewe kupanda gari.

Baadaye zikaja kanda za video, na baada yake sidii. Hasa baada ya mwaka 2000 sinema za Kitanzania zilitengenezwa kwa wingi na kuuzwa nchi nzima. Mzee Majuto akaingia humo, akawa miongoni mwa wachekeshaji wa jukwaani waliofaulu zaidi mbele ya kamera. Si jambo jepesi. Mbele ya kamera hakuna watu wa kucheka, kwa hiyo mwigizaji hajui kama neno lake limefika. Tena kamera inakaa karibu. Jukwaani unarusha mkono ili aliye nyuma kabisa aone. Kwenye sinema ukirusha mkono hivyo unaonekana mwenda wazimu, na kazi yote hufanywa na jicho. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa: alijua kunyamaza. Wachekeshaji wengi wanaogopa kimya, wanaongezea kelele.

Televisheni nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. (Zanzibar walikwisha kuwa nayo tangu miaka ya 1970.) Hapo mchekeshaji aliingia sebuleni kwa watu, na wenye biashara wakamtaka aonekane katika matangazo yao. Mzee Majuto alionekana katika matangazo mengi.

Sasa sikilizeni vizuri. Sinema na tangazo si kama jukwaa. Mwigizaji anacheza siku moja, tena mbili, halafu kazi yake inabaki. Inauzwa Mwanza, inaonyeshwa Makambako, inarudiwa usiku na mchana, na yeye amelala kwake Tanga. Nani alipwe kila inaporudiwa? Jukwaani swali hilo halikuwako. Katika sinema na televisheni jibu lake limo katika karatasi, na karatasi hiyo ndiyo neno lililo ubaoni. Someni pamoja: m-ka-ta-ba. Mkataba.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayowalinda watunzi na waigizaji. Lakini mtu akiisha kutia sahihi kwamba ameuza kazi yake yote kwa malipo ya mara moja, ni vigumu kurudi nyuma. Wasanii wengi wa sinema zetu waliuza hivyo. Mwaka 2018 Mzee Majuto alipokuwa mgonjwa, akapelekwa mpaka India kutibiwa, watu waliuliza: mtu mwenye sura inayojulikana nchi nzima, imekuwaje ahitaji kuchangiwa? Mwaka huo huo Waziri aliyesimamia sanaa wakati ule, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na habari za Mzee Majuto ndizo zilizolianzisha jambo hilo. Yeye hakuishi kuona mwisho wake.

Msiseme hayo ni ya wasanii wa Dar es Salaam tu. Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la miti ya mbao upande wa Njombe. Akaja mnunuzi na karatasi iliyopigwa chapa. Baba mdogo aliweka dole gumba, akapokea fedha, akafurahi. Alidhani ameuza miti mikubwa. Karatasi ilisema "miti yote iliyomo shambani." Wakakata na miche ya miaka mitatu. Mimi nilikuwa darasa la sita, najua kusoma, na nilikuwa nyumbani siku ile. Hakuna aliyenipa ile karatasi niisome, wala mimi sikuiomba. Shamba lile nililipita mwaka jana. Bado ni visiki na nyasi.

Sasa kazi ya leo. Mwalimu atawasomea sentensi mbili, nanyi mzitazame katika kitabu.

Ya kwanza: "Nimekubali sauti na sura yangu vitumike katika tangazo hili kwa muda wa mwaka mmoja."

Ya pili: "Nimekubali sauti na sura yangu vitumike katika tangazo hili."

Je, tofauti yake ni nini? Mpeni mwenzenu wa nyuma nafasi ya kujibu, msiseme wote pamoja. Ndiyo. Katika ya pili muda haukutajwa. Mwaka mmoja, au kumi, au hata baada ya kufa kwako? Haikusema. Hili ndilo gumu katika kusoma mikataba: neno linaloumiza pengine halimo. Unaweza kusoma kila herufi iliyoandikwa usilione. Kwa hiyo usianze na karatasi. Anza na maswali yako mwenyewe, uyashike kichwani: nauza nini? Kwa muda gani? Nalipwa kiasi gani, na lini? Kisha uyatafute majibu ndani ya karatasi, moja moja.

Na kama hujaweza bado kusoma vizuri, mwombe akusomee mtu asiye mnunuzi. Mtoto wa darasa la sita anafaa. Tena usiondoke bila nakala yako. Mtu akikataa kukupa nakala, umekwisha kupata habari muhimu juu yake.

Nyumbani, andikeni mkataba mfupi wa kuuza magunia kumi ya viazi. Utajeni ukubwa wa gunia, maana lumbesa nayo ni gunia kwa mwenye kununua. Mje nao wiki ijayo, mbadilishane na jirani, na kila mmoja atafute katika karatasi ya mwenzake neno lililokosekana.

Kwaherini, na usiku mwema.