Usugu wa Vijidudu vya Maradhi ya Mkojo: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wote kwa jumla wanatanabahishwa kwamba maradhi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi wengi huyaita kwa herufi zake tatu, U.T.I., yamekuwa yakitibiwa mara nyingi kwa dawa ambazo vijidudu vyake havizisikii tena. Madhumuni ya maelezo haya si kumtia mtu hofu, wala si kumnyima mgonjwa dawa anayoistahiki. Madhumuni ni kueleza kwa lugha iliyo wazi jambo linalotokea ndani ya vijidudu hivyo, kwani asiyelifahamu hataona sababu ya kupeleka mkojo maabara na kusubiri siku mbili tatu, ilhali dukani hupata vidonge kwa muda wa dakika tano.

Tuanze na neno lenyewe. Husikika sana mtu akisema, "Mimi nina U.T.I. sugu." Kauli hiyo ina kosa dogo lenye athari kubwa. Kilicho sugu si mwili wa mgonjwa. Kilicho sugu ni kijidudu. Anayedhani kuwa mwili wake umeizoea dawa hutafuta dawa kali zaidi, na akipata nafuu huona shauri limekwisha. Lakini anayefahamu kwamba usugu umo katika kijidudu ataelewa pia kwamba kijidudu hicho huweza kuhama na usugu wake, kikaenda kwa mtoto wa nyumbani au kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ndiyo maana mtu ambaye hajapata kumeza hata kidonge kimoja cha dawa fulani huweza kuugua kwa kijidudu ambacho dawa hiyo haikiwezi.

Kijidudu kinachohusika zaidi kinaitwa Escherichia coli, kwa jina la tabibu Theodor Escherich aliyekieleza mwaka 1885. Katika maradhi ya kibofu ya kawaida, yaani ya mtu asiye na kasoro nyengine ya njia ya mkojo, kijidudu hiki peke yake husababisha robo tatu au zaidi. Makaazi yake si chooni, kama inavyodhaniwa na wengi. Makaazi yake ni matumbo yetu wenyewe, ambamo huishi kwa amani tangu siku za mwanzo za uhai wa mtoto. Madhara hutokea pale kinapotoka kwenye njia ya haja kubwa na kupanda kwenye njia ya mkojo. Kwa kuwa njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kiasi cha sentimita 4 tu, na ipo karibu na njia ya haja kubwa, wanawake ndio wanaopata taabu zaidi. Kwa hivyo wale wanaolaumiana nyumbani au ofisini juu ya choo cha pamoja wanalaumiana bila ya sababu ya kutosha, ingawa usafi wa choo ni jambo jema na hakuna anayesema kiachwe kichafu.

Sasa tuje kwenye kiini cha shauri hili. Kila kijidudu kina maagizo ya urithi yanayokieleza namna ya kuishi, kula na kujigawa. Kila agizo moja huitwa jeni. Msomaji aliye mtumishi wa ofisi atalifahamu jambo hili kwa wepesi akikumbuka masjala. Lipo daftari kuu ambalo halitoki nje ya ofisi. Nalo hunakiliwa lote pale tu kijidudu kinapojigawa na kuwa viwili. Lakini zipo pia nyaraka fupi, zinazonakiliwa kwa urahisi na kupelekwa ofisi ya jirani, na hata wizara nyengine kabisa. Katika kijidudu, nyaraka hizo ni viduara vidogo vya urithi viitwavyo plasmidi. Kijidudu hutoa kijimrija chembamba, kikamvuta jirani yake, kisha kikampa nakala ya plasmidi huku asili ikibaki kwake. Jirani huyo si lazima awe wa jinsi moja naye. Escherichia coli huweza kumpa Klebsiella, ambaye naye ni msababishaji wa maradhi ya mkojo, hasa hospitalini.

Jambo hili lilidhihirika Japani. Katika miaka ya 1950 madaktari wa huko waliona kwamba vijidudu vya kuharisha damu vilikuwa haviuliwi na dawa nne kwa pamoja, nazo ni salfa, streptomisini, kloramfenikoli na tetrasiklini. Ingelikuwa ni bahati mbaya tu, ingelipasa kijidudu kipate usugu wa dawa moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mwaka 1959 ilielezwa kwamba vijidudu sugu vikichanganywa na visivyo sugu, usugu wa dawa zote nne huhama kwa mara moja. Waraka mmoja ulikuwa na maagizo manne. Hapa ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui: anayemeza Septrin bila ya sababu habakishi vile visivyosikia Septrin peke yake, bali hubakisha waraka mzima, pamoja na maagizo ya kuzishinda dawa ambazo hajapata kuzigusa.

Maagizo yenyewe hufanya kazi kwa njia mbalimbali. Mengine humwezesha kijidudu kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijamdhuru. Hivyo ndivyo zinavyoshindwa ampisilini na amoksilini. Mengine hutengeneza badala ya kile ambacho dawa hukishambulia, hata dawa ikawa inapiga pasipo na mtu. Hivyo ndivyo inavyoshindwa Septrin. Siprofloksasini hushindwa aghalabu kwa kuharibika kidogo kwa herufi za daftari kuu lenyewe, kiasi kwamba dawa haipati mahali pa kushika. Tena wapo vijidudu wenye pampu katika ngozi yao, nao huitoa dawa nje kadiri inavyoingia, kama mabaharia wanaotoa maji chomboni kwa ndoo.

Wengi huuliza: jeni hizi zimetoka wapi? Hazikubuniwa na dawa. Kimeng'enya cha kuiharibu penisilini kilielezwa na Abraham na Chain mjini Oxford mwaka 1940, kutoka katika kijidudu hichohicho cha Escherichia coli, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa watu wengi. Mwaka 2011 watafiti walitoa khabari ya jeni za usugu walizozikuta katika udongo ulioganda kaskazini ya Kanada kwa muda wa miaka 30,000. Vijidudu na kuvu vimekuwa vikipigana kwa sumu zao tangu dahari, na kila sumu ilikuwa na kinga yake. Tulichokifanya sisi ni kuzipa fursa jeni hizo zilizokuwa chache na za mbali, tukazikusanya katika matumbo ya watu.

Kasi yake yatisha. Ampisilini ilianza kutumika mwaka 1961. Kufikia 1965 plasmidi yenye jeni ya kuishinda ilikuwa imeshaelezwa kutoka kwa mgonjwa wa mjini Athens, Ugiriki. Zikaletwa dawa za kundi la sefalosporini, ambazo watu wa hapa wanazijua zaidi kwa sindano ya seftriaksoni. Mwaka 1989, mjini Munich, Ujerumani, kikaonekana kimeng'enya kipya cha kuliharibu kundi hilo, kikapewa jina la CTX-M, herufi M ikiwa ni ya Munich. Jeni zake zilihama kutoka kwa vijidudu viitwavyo Kluyvera, ambavyo ni nadra kumdhuru mtu. Mwaka 2008 ilielezwa kwamba ukoo mmoja wa Escherichia coli wenye jeni za namna hiyo umeshaonekana katika mabara matatu. Na mwaka huohuo wa 2008 mgonjwa mmoja nchini Uswidi, aliyekuwa ametibiwa hospitali nchini India, alikutwa na Klebsiella katika mkojo wake mwenye jeni iliyokuwa haijajulikana, nayo inashinda hata kabapenemu, dawa ambazo hospitali huziweka kama akiba ya mwisho. Mwanzo wake ni maradhi ya mkojo, haya haya ambayo sisi huyachukulia kuwa ni mambo madogo.

Kwa mujibu wa hesabu zilizotolewa mwaka 2022, vijidudu sugu vya kila namna vilisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019.

Tukirudi kwetu, kuna jambo linalotuhusu watu wa visiwa kwa namna ya pekee. Maumivu wakati wa kukojoa na damu katika mkojo huweza pia kuwa ni dalili ya kichocho, na kichocho cha mkojo kinajulikana Unguja na Pemba tangu zamani. Kichocho si kijidudu cha namna tuliyoieleza. Ni mnyoo unaotokana na maji yenye konokono wake, na dawa yake ni prazikwanteli, ileile inayotolewa maskulini na katika shehia. Mtoto mwenye kichocho akipewa amoksilini hatapona kichocho chake; atakachopata ni matumbo yaliyojaa vijidudu vilivyochujwa vikabaki vile sugu. Watafiti waliofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania Bara kati ya 2018 na 2020 waliwapima wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za maradhi ya mkojo, na takriban theluthi moja tu ndio waliothibitika kuwa na vijidudu vya maradhi hayo. Waliobaki walikuwa na dalili, lakini vijidudu havikuota. Na katika vilivyoota, sehemu kubwa ilikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa.

Mwandishi wa maelezo haya hana haki ya kujitoa katika lawama. Wakati wa kuhama ofisi alikuta katika mtoto wa meza yake karatasi tatu za vidonge vya rangi mbili, kila moja ikiwa imebakia nusu, na hakumbuki zilikuwa za maradhi gani. Inaaminika kwamba meza nyingi za Serikali zina hazina ya namna hiyo. Hazina hizo zirejeshwe kwenye duka la dawa au kituo cha afya ili ziharibiwe kwa utaratibu, wala zisitupwe chooni au kwenye jaa, na zisipewe mfanyakazi mwenziwe anayelalamika kiuno.

Hapa pana jambo la kusahihisha. Matangazo ya miaka iliyopita yalikazania kwamba dozi ikikatizwa ndipo usugu huzaliwa. Elimu ya sasa inasema shauri lina pande mbili. Kukatiza kwa rai yako mwenyewe ni kosa, kwani maradhi huweza kurejea au kupanda kwenye figo. Lakini kuongeza siku juu ya zile alizoandika daktari nako ni kosa, kwa kuwa kila siku ya dawa ni siku moja zaidi ya kuwachuja vijidudu wa tumboni ambao hawakuwa na hatia. Dawa iitwayo nitrofurantoini, kwa mfano, ambayo bado inafaa kwa wengi wenye maradhi ya kibofu, aghalabu hutolewa kwa siku 5. Wala haifai kwa maradhi yaliyofika kwenye figo. Zifuatwe siku zilizoandikwa, zisipungue wala zisizidi.

Hali kadhalika, kuonekana kwa vijidudu katika mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote, khususan mzee, kwa kawaida hakuhitaji dawa. Mama mjamzito yumo katika hukumu nyengine kabisa. Yeye hupimwa na kutibiwa hata kama hajisikii chochote, kwa sababu vijidudu vikimpanda figoni huweza kumwuguza vibaya na kumfanya ajifungue kabla ya wakati. Ni kwa ajili yake hasa ndipo tunapoombwa tusizimalize dawa, maana dawa anazoweza kumeza bila ya kumdhuru mtoto ni chache, na zikishindwa hakuna nyengine nyingi za kushika nafasi yake.

Mwenye homa kali, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni asisubiri majibu ya maabara; aende hospitali siku hiyohiyo. Huko mkojo wake utachukuliwa kwanza, ataanzishiwa dawa, na dawa hiyo itabadilishwa ikibidi pindi majibu yatakapotoka.

Kwa wengineo, utaratibu wa kupeleka mkojo ni huu. Mtu anawe mikono na ajisafishe sehemu zake kwa maji. Mkojo wa mwanzo aumwage; akinge ule wa katikati ndani ya chombo kisafi alichopewa na maabara, si chupa ya dawa ya zamani wala ya soda, kisha afunge kifuniko bila ya kugusa ndani. Chombo kifike maabara katika muda wa saa mbili; ikishindikana, kiwekwe ndani ya friji na kipelekwe siku hiyohiyo. Vijidudu huoteshwa kwa siku moja au mbili, na siku inayofuata hujulikana ni dawa ipi wanaisikia na ipi hawaisikii. Mkojo uchukuliwe kabla ya kumeza dawa. Aliyekwisha kumeza dawa yoyote katika siku chache zilizopita amweleze mhudumu jina la dawa hiyo, au apeleke karatasi yake, hata ikiwa ni vidonge viwili tu.