Sasisho Limeingia, Skrini ya Pili Imezima: Usikimbilie Kununua Kebo

Kama unakula kupitia mtandao, unajua skrini ya pili si urembo. Anayenukuu sauti anaweka maandishi huku na kicheza sauti kule. Anayehariri video za arusi ana vipande upande mmoja na picha kamili upande wa pili. Msee wa kuunda tovuti anaandika hapa, anaona matokeo pale. Mnyang'anye mmoja wao hiyo skrini siku ya makataa, ni kama kumwambia mama mboga auze kwa mkono mmoja. Atauza, lakini wateja hawatamsubiri.

Na kuna kisa ambacho hurudi kila msimu. Laptopu inaomba sasisho, unakubali, inajizima na kujiwasha, halafu ile monita kubwa inabaki nyeusi ti ti ti. Inakuambia hakuna ishara, kisha inalala zake. Laptopu yenyewe iko fiti. Intaneti iko. Kebo hakuna aliyeigusa. Kitu cha kwanza watu hufanya ni kukimbia mjini kununua kebo nyingine, halafu adapta nyingine, na wengine hufika hadi monita nyingine. Wanarudi nyumbani na risiti tatu na giza lile lile.

Kabla hujatoa chapaa, jua hivi: kuna skrini za nje za aina mbili, na huwezi kuzitofautisha kwa kuziangalia. Moja huendeshwa na laptopu moja kwa moja. Nyingine huendeshwa na programu. Ya kwanza ikizima baada ya sasisho, mara nyingi kuna dawa ya haraka. Ya pili ikizima, unaweza kungoja miezi. Na kuna watu waliongoja kweli.

Tarehe 29 Machi 2018, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, Apple ilitoa macOS 10.13.4, sasisho la mfumo wa High Sierra. Ukiliangalia kwa jina lilikuwa jambo dogo tu, nambari ya mwisho kutoka 3 hadi 4. Watu wakabonyeza, wakaenda zao. Waliporudi kazini, wale waliokuwa wamechomeka monita zao kupitia adapta na doki zenye teknolojia ya DisplayLink walikuta skrini zimezima zii.

Kilichochanganya wengi ni kwamba zile doki hazikuwa zimekufa. Tundu la intaneti ya waya lilifanya kazi. Sauti ilitoka. Picha tu ndiyo ilikatika. Sasa wewe ukiona kifaa kinapumua nusu hivyo, utasema nini? Utasema ni kebo. Utasema ni monita. Utapiga monita kofi kidogo pale ubavuni, kama tulivyokuwa tukipiga zile televisheni za zamani za mgongo mrefu.

Haikuwa kebo. DisplayLink, kampuni iliyoanzia Cambridge kule Uingereza, ilitangaza kwamba sasisho ndilo lililozima skrini hizo, ikawashauri watumiaji wabaki kwenye 10.13.3. Watengenezaji wa Duet Display, ile programu inayogeuza iPad kuwa skrini ya pili, nao wakajikuta kwenye mtego huo huo na kutoa ushauri uo huo. Ushauri mzuri, ila kwa aliyekuwa amekwisha kusasisha ulikuwa sawa na kuambiwa usipande matatu ilhali umeshapita Githurai.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue adapta hizi hufanya nini hasa, na hapa ndipo mambo yananoga.

Ukichomeka monita kwa HDMI ya laptopu, au kwa DisplayPort, au kwa tundu la USB-C linaloweza kutoa picha, chipu ya grafiki ndani ya laptopu huzungumza na monita bila dalali. Inachora, inatuma, monita inaonyesha. Kwisha.

USB ya kawaida haikuundwa hivyo. Inabeba data, kama vile flashi yako inavyobeba filamu. Kwa hivyo DisplayLink walitumia ujanja, na ni ujanja wa akili sana. Unaweka programu yao kwenye laptopu. Programu hiyo inaufanya mfumo uamini kwamba kuna skrini nyingine mahali fulani, na mfumo unachora humo bila wasiwasi. Programu inauchukua ule mchoro, inaubana kama WhatsApp inavyobana video zako hadi zikapoteza sura, lakini kwa ustadi zaidi, inausukuma kwenye USB kama data nyingine yoyote, na chipu iliyo ndani ya doki inaubandua na kuipelekea monita. Yote haya hufanyika mara nyingi kwa kila sekunde. Macho yako hayajui tofauti.

Ni kama kuvutiwa stima kutoka kwa jirani. Taa yako inawaka sawa na za wengine wote kwenye ploti, hadi siku jirani anapobadilisha soketi zake. Hakukuchukia. Pengine hata alikusahau. Lakini wewe ndiye unayelala gizani.

Ndicho kilichotokea 2018. Mfumo ulibadilika ndani kwa ndani, pale pale ambapo programu ya DisplayLink hujishikiza kupata ule mchoro, na programu ikabaki imeshika hewa. Chipu ilikuwa nzima, doki nzima, monita nzima.

Halafu kulikuwa na kejeli moja ambayo bado hunichekesha. Sasisho hilo hilo la 10.13.4 ndilo lililoleta rasmi uwezo wa kuchomeka kadi ya grafiki ya nje kwenye Mac zenye Thunderbolt 3. Yaani siku moja mwenye pesa ya kasha la grafiki amefunguliwa mlango, na mwenye adapta ya USB amefungiwa wake. Sisemi walipanga. Nasema tu ndivyo ilivyoangukia.

Baadaye kilikuja kiendeshi cha majaribio kutoka DisplayLink, lakini kilirudisha kuakisi tu, maana yake picha ile ile inatokea kwenye laptopu na kwenye monita. Kwa anayewasilisha mada darasani hiyo inatosha. Kwa anayehitaji nafasi ya kazi, ni kama kupewa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Skrini ya pili kama nafasi huru ya kazi ilirejea na mfumo uliofuata, Mojave, uliotoka tarehe 24 Septemba 2018. Hesabu mwenyewe kutoka mwisho wa Machi. Karibu miezi sita.

Na kubaki nyuma nako kulikuwa na bei yake. Sasisho hilo lilibeba pia viraka vya usalama. Aliyekataa kusasisha ili aokoe skrini yake aliacha matundu yale wazi. Kwa mtu anayeshika faili za wateja, huo si uchaguzi wa kufurahisha. Kurudi nyuma nako, kwenye Mac, kulihitaji uwe na nakala ya kila kitu iliyohifadhiwa kabla ya sasisho, au uanze upya kabisa.

Wengine huwalaumu DisplayLink kwa kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Mimi siwalaumu sana. Kinachoniudhi ni kile kidirisha cha sasisho. Kinakuambia kuna maboresho ya usalama na uthabiti, bonyeza hapa. Hakikuambii ni kifaa gani chako kitaguswa. Unaweka sahihi kwenye mkataba ambao umeonyeshwa jalada peke yake.

Utasema 2018 ni kitambo, tulikuwa bado tunasoma. Sawa. Lakini Novemba 2020 Apple ilitoa laptopu za kwanza zenye chipu ya M1, na MacBook Air ya M1 kirasmi huendesha skrini moja tu ya nje. Ya M2 vivyo hivyo. Ya M3, iliyotoka 2024, ilikubali mbili, mradi ufunge kifuniko cha laptopu. Ni ile ya M4, ya 2025, ndiyo iliyokubali mbili huku kifuniko kikiwa wazi. Sasa jiulize ni zipi kijana wa Nairobi anamudu, tena za mitumba. Ni zile za mwanzo. Na ukitaka skrini mbili za nje kwenye Air ya M1, njia inayojulikana ni ipi? Ile ile ya DisplayLink. Yaani soketi ya jirani.

Tangu Catalina ya 2019, macOS huitaka programu hiyo ipewe ruhusa ya kurekodi skrini. Ukiliona ombi hilo mara ya kwanza unadhani umeingiliwa na majasusi. Haikurekodi ili ikuchongee. Inahitaji kuona mchoro ili iutume. Lakini ruhusa hiyo ikizimwa, skrini inazimika nayo. Kwa hivyo ukisasisha Mac na monita ya DisplayLink ikakataa, anza hapo kwenye mipangilio ya faragha. Angalia kama ruhusa bado ipo. Kisha pakua toleo jipya la programu yao. Pengine dakika tano zitatosha na ukarudi kazini. Na ukiona filamu za kulipia zinatoa picha nyeusi kwenye monita hiyo lakini mengine yote yako sawa, usihangaike, ni ulinzi wa hakimiliki unaokataa kunakiliwa. Hamisha filamu kwenye skrini ya laptopu yenyewe.

Kuna dada wa hapa mtaani kwetu Roysambu, ananukuu sauti za mikutano. Monita yake ilizima baada ya sasisho, na duka moja likamuuzia kebo mbili kwa siku mbili. Aliponiita, mimi si mhandisi, chuo chenyewe nilikiacha njiani, lakini niliona kitu kimoja tu: adapta yake ya HDMI ilikuwa imechomekwa kwenye lile tundu pana la USB la zamani. Tundu hilo halitoi picha lenyewe, hata ulibembeleze. Ukiona HDMI inatokea pale, jua kuna programu katikati inayofanya kazi yote. Tulichomeka monita moja kwa moja kwenye HDMI ya laptopu, ikawaka papo hapo. Kebo ya zamani ilikuwa nzima muda wote huo.

Jaribio hilo ni la bure na linamaliza ubishi. Monita ikiwaka kwa njia ya moja kwa moja, shida ni adapta au programu yake, na hakuna kebo itakayokuokoa. Isipowaka hata hapo, ndipo sasa unaanza kushuku sasisho limegusa grafiki za laptopu yenyewe.

Kwenye Windows, hiyo ya pili hutokea sana kwa sababu sasisho linaweza kuleta kiendeshi kipya cha grafiki bila kukupigia hodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uhakikishe hujawekwa kwenye skrini moja tu. Kisha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: skrini itapepesa, mara nyingi utasikia mlio, na kiendeshi cha grafiki kitaanza upya bila kufunga kazi zako. Ikigoma, nenda kwa orodha ya vifaa, tafuta kadi ya grafiki, urudishe kiendeshi cha awali ikiwa kitufe hicho kinakubali kubonyezwa. Kama lilikuwa sasisho kubwa la toleo zima, Windows kwa kawaida hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka. Zikiisha, mlango umefungwa, kwa hivyo usikae wiki mbili ukisema utaishughulikia wikendi.

Kwenye Mac, fungua mipangilio ya skrini na ushikilie kitufe cha Option. Kutatokea kibonye cha kutafuta skrini upya.

Wale ambao mkate wao uko kwenye hiyo skrini, msisasishe siku ya makataa, wala mkesha wake. Windows hukuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5. Tumia wiki moja au mbili hivi, uone wenye adapta kama yako wanalia au wametulia, tembelea tovuti ya aliyeitengeneza usome kama ametaja toleo hilo, halafu ndipo uruhusu. Sisemi usimamishe milele. Viraka vya usalama si mapambo, na laptopu yenye pesa za M-Pesa na nywila za wateja haifai kukaa uchi kwa mwaka mzima.

Na ukienda Luthuli kununua adapta, usianze na bei. Geuza boksi. Likiwa na jina la DisplayLink, au likikuambia upakue programu kabla ya kuchomeka, umeshajua unavuta stima kutoka kwa nani. Kama laptopu yako ina HDMI au USB-C inayotoa picha, na unataka monita moja tu, mwambie muuzaji akupe ya moja kwa moja. Ijaribu pale pale dukani kwa laptopu yako mwenyewe, kwa sababu si kila USB-C hutoa picha. Nyingine ni za chaji na data tu, na hilo hakuna sasisho litakalolibadilisha.